UZI: Mechi ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani) iliyoisha 19-18 na Mikan akafunga 15 peke yake, njooni tusome takwimu zake vizuri

Mzee wa Ribaundi (mwenye uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kila ubishi wa nani bora wa muda wote ukianza humu ndani lazima atokee mtu na yale matokeo ya Fort Wayne Pistons 19, Minneapolis Lakers 18, halafu anaandika chini yake eti hawa ndio mnaotuambia walikuwa wachezaji, mechi nzima timu inafunga pointi 18, timu ya sekondari inafunga zaidi. Kiukweli inaniuma, maana anayesema hivyo ukimuuliza siku hiyo nani alifunga ngapi na alifungaje hajui, yeye kaona 19-18 basi kamaliza. Mimi naamini takwimu za mechi ile zikisomwa taratibu zinasema kinyume kabisa na tunavyozitumia, kwa hiyo leo tuzisome mstari kwa mstari, mwenye la kupinga apinge.

Tarehe ni 22 Novemba 1950, Minneapolis Auditorium, watazamaji 7,021. NBA yenyewe ilikuwa changa, ligi mbili BAA na NBL zilikuwa zimeungana Agosti 1949 tu, yaani ni msimu wa pili wa jina hilo. Lakers ndio mabingwa watetezi, kocha wao John Kundla, na nyumbani walikuwa hawajafungwa michezo 29 mfululizo. Wana George Mikan, senta wa futi 6 na inchi 10, miwani usoni, jezi namba 99, msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 28.4 kwa mechi na hakuna aliyemkaribia ligi nzima. Pembeni yake kuna Jim Pollard, Vern Mikkelsen, Slater Martin. Pistons ni timu ya mji mdogo wa Fort Wayne, Indiana, timu ya Fred Zollner aliyekuwa na kiwanda cha kutengeneza pistoni, ndo jina likatoka huko. Kocha wao Murray Mendenhall. Msimu ule walimaliza na ushindi 32 na vipigo 36, kwa hiyo ni timu ya katikati tu, sio ya kutisha.

Sasa robo kwa robo. Ya kwanza Pistons 8 Lakers 7. Ya pili Lakers wakapata 6 Pistons 3, mapumziko ikawa 13-11 Lakers mbele. Ya tatu Pistons 5 Lakers 4, ikawa 17-16. Robo ya nne, dakika 12 nzima, Pistons pointi 3 na Lakers pointi 1. Moja. Mwishoni kabisa zikiwa zimebaki sekunde chache Larry Foust, kijana aliyekuwa msimu wake wa kwanza kwenye ligi, akapenya chini ya ringi akatupia juu ya mkono wa Mikan, ikaingia, 19-18, mechi kwisha.

Mitupo ya kawaida Lakers walirusha 18 wakaingiza 4. Pistons walirusha 13 wakaingiza 4. Soma tena hapo wakuu, timu mbili za ligi kubwa dakika 48 zimerusha jumla ya mitupo 31. Ukigawa muda wote unapata mtupo mmoja kila dakika moja na nusu hivi. Siku hizi timu moja peke yake kurusha mitupo 85 mpaka 90 usiku mmoja ni kitu cha kawaida sana.

Hapo ndipo mzizi wa jambo lote ulipo. Hawakukosa kufunga, HAWAKURUSHA. Mtu anayesema hawakujua kulenga anasoma pointi peke yake anaacha safu ya majaribio iliyo pembeni yake.

Gadi wa Upanga

Mkuu uzi mzuri ila swali moja, kama hawakurusha ndo walikuwa wanafanya nini uwanjani dakika zote hizo? Maana 13 kwa 48 hiyo sio kasi ndogo, huo ni mgomo kabisa

Mzee wa Ribaundi

Walikuwa wameshika mpira mkuu, halisi kabisa. Wakati ule hakukuwa na saa ya sekunde 24 wala ya sekunde ngapi, ukiupata mpira ni wako mpaka urushe, upokonywe au utoke nje. Mendenhall alipiga hesabu yake akaona uwanja wa Minneapolis ni mwembamba, Lakers wana miti mitatu mbele pale (Mikan, Mikkelsen, Pollard), ukienda nao mbio unarusha wao wanachukua ribaundi (mpira uliokosa kikapu) wanampelekea Mikan, kikapu, mnarudi tena hivyo hivyo mpaka mnafungwa 90. Akawaambia vijana wake wasiupeleke mpira, wakae nao katikati, wapasiane, wasimame nao kiunoni. Lakers nao badala ya kutoka kwenda kuutafuta wakawa wamejipanga nyuma kumlinda Mikan asitolewe nje na eneo lake. Kwa hiyo kuna vipindi watu kumi wamesimama tu wanaangaliana na jukwaa linazomea mpaka basi.

Ni sawa na kipa wetu huku akishaongoza moja bila ugenini anaanza kujilaza kila mpira ukija, unakasirika ila kwenye sheria yuko sawa, mpaka siku sheria ibadilike.

Nyota ya Kigamboni

Hapo sasa mzee nakupinga. Wewe unasema tusihukumu wachezaji, sawa, ila mchezo wenyewe ulikuwa mbovu huo. Watu 7,021 wamelipa hela yao halafu wanaangalia mtu kashika mpira kiunoni, hata kama sheria inaruhusu, na takwimu za mechi kama hiyo mimi naona zifutwe tu, hazina maana yoyote, huwezi kupima chochote hapo

Mzee wa Ribaundi

Ndugu yangu zina maana kubwa kuliko za mechi nyingi sana, ngoja nikuoneshe.

Chukua pointi 18 za Lakers. Wameingiza mitupo ya kawaida 4, hizo ni pointi 8. Zilizobaki 10 zote ni mitupo huru ya faulo. Mikan ana 15. Na mitupo YOTE MINNE ya kawaida ya Lakers ni yake, hakuna Laker mwingine aliyeingiza hata mmoja usiku ule, Pollard hakuingiza, Mikkelsen hakuingiza, Martin hakuingiza. Kwa hiyo Mikan ana 8 za kawaida na 7 za faulo, na wenzake wote waliobaki wamechangia pointi 3 za faulo basi.

15 kati ya 18 ni asilimia 83.

Na kumbuka mpango mzima wa Mendenhall, ule ambao umeifanya mechi ionekane ya ajabu mpaka leo, ulikuwa na lengo moja, Mikan asiupate mpira. Timu nzima imeacha kucheza mpira wa kikapu ili mtu mmoja asifunge, na huyo mtu bado kafunga asilimia 83 ya pointi za timu yake. Halafu mtu anakuja kuchukua karatasi hiyo hiyo ya takwimu kuonesha kwamba Mikan hakuwa kitu! Mimi nasema hiyo karatasi ndio ushahidi wake mkubwa kuliko hata ule usiku wa Januari 1952 alipowafunga Rochester pointi 61, maana siku ile ya 61 aliachiwa acheze.

Hesabu Kwanza

Nimeipenda hiyo ya asilimia nikaenda nayo mbele kidogo. Wilt Chamberlain zile 100 zake, 2 Machi 1962 pale Hershey Pennsylvania, timu yake Philadelphia Warriors ilifunga 169 wakawapiga Knicks 169-147. 100 kwa 169 ni asilimia 59. Kobe Bryant zile 81 za 22 Januari 2006 dhidi ya Toronto, Lakers walifunga 122, hiyo ni asilimia 66. Mikan 83. Kwa kipimo cha mzigo aliobeba mtu mmoja kwenye jumla ya timu yake Mikan anawaacha wote wawili na pointi zake 15.

Na kingine, 19 kujumlisha 18 ni 37. Klay Thompson tarehe 23 Januari 2015 dhidi ya Sacramento Kings alifunga pointi 37 kwenye ROBO MOJA, ya tatu. Yaani mtu mmoja dakika 12 kafunga sawasawa na timu mbili dakika 48. Sio kwamba Klay ana mikono ya ajabu kuliko wale mara nne, ni kwamba yule anacheza kwenye mchezo unaomlazimisha mpinzani aachie mpira kila sekunde 24 na kuna mstari wa pointi tatu, ambao NBA waliuweka msimu wa 1979-80.

Gadi wa Upanga

Aisee hiyo ya 37 nilikuwa siijui kabisa

Binti wa Chumbageni

Kaka zangu naomba niingie, mimi nilicheza senta shuleni na chuo kwa hiyo hii mada ya takwimu inanigusa. Kitu ninachotaka mkione ni kwamba karatasi za zamani zilikuwa na safu chache mno. Ribaundi NBA wameanza kuziandika msimu huo huo wa 1950-51, kabla ya hapo mtu anaokota mipira usiku kucha haionekani popote. Dakika za kucheza zimeanza kuandikwa msimu uliofuata 1951-52, kwa hiyo hata Mikan siku ile alikaa uwanjani dakika ngapi karatasi haina safu hiyo. Bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) na kupokonya mpira vimeanza 1973-74. Kupoteza mpira 1977-78. Sasa jamani mechi ambayo kazi yote ilikuwa kulinda, kusimama, kushika mpira bila kuupoteza na kuzuia njia, unaisoma kwa karatasi yenye safu za kufunga tu unategemea uone nini? Waliofanya kazi kubwa zaidi usiku ule hawana namba kabisa.

Nalisema hili kwa sababu naiona kwa Hasheem Thabeet wetu. Watu wanakumbuka tu kwamba alichaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA 2009 halafu wanaangalia wastani wake wa pointi wanaanza kumsema vibaya, ila sababu ya kuchaguliwa juu hivyo ni bloku zake pale UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), alikuwa anazuia zaidi ya nne kwa mechi. Angezaliwa wakati wa Mikan ile safu haipo, angeonekana ni mtu mrefu asiyefunga. Bill Russell mwenyewe, senta wa Boston, kastaafu 1969 hana bloku hata moja iliyoandikwa rasmi, na kila aliyemuona anasema huyo ndiye aliyeubadilisha ulinzi.

Mzee wa Ribaundi

Dada umeongea kitu ambacho ndo nilitaka nikifikie. Wale gadi wa Pistons walioshika mpira usiku ule dhidi ya Slater Martin, ambaye alikuwa mmoja wa walinzi wakali kabisa wa mpira enzi zile, kuushika tu muda wote huo bila kupokonywa ni ufundi. Huwezi kusema mtu hajui kuchezea mpira halafu huyo huyo anaushika dakika na dakika timu nzima ya mabingwa inamwangalia. Lakini karatasi inasemaje? Mfungaji bora wa Pistons ni John Oldham, pointi 5. Tano! Basi mtu anaishia hapo anacheka.

Mo wa Eastlands

Niaje wadau, naingia nikiwa Nairobi. Hii uzi imeweza. Mimi nilikuwa najua ile gemu ya kwanza kabisa ya hii ligi, 1 Novemba 1946 pale Maple Leaf Gardens Toronto, New York Knickerbockers na Toronto Huskies, wakati huo ikiitwa BAA. Knicks walishinda 68-66. Ossie Schectman wa Knicks ndiye alifunga kikapu cha kwanza, na NBA mpaka wa leo wanakihesabu kama kikapu cha kwanza cha historia yao. Ed Sadowski wa Toronto, ambaye alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, alifunga 18 ndio nyingi zaidi uwanjani na bado wakalala, Leo Gottlieb wa Knicks akawa na 14. Watu 7,090 walikuja. Na walikuwa wametangaza kwamba ukiwa mrefu kumshinda George Nostrand wa Huskies, futi 6 na inchi 8, unaingia bure.

Sasa nikiangalia hizo mbili naona kitu. Miaka minne mbele, ligi imekomaa, wachezaji wameongezeka uwezo, na alama zinashuka toka 68 mpaka 19? Kama ni uwezo ingekuwa inapanda. Hapo mzee uko sawa, hiyo 19 haitokani na mikono ya wachezaji.

Hesabu Kwanza

Umetoa hoja nzuri sana ndugu wa Nairobi. Na ukiangalia ule msimu wa kwanza wa 1946-47 ligi nzima walikuwa wanaingiza asilimia 28 hivi tu ya mitupo ya kawaida, na Joe Fulks wa Philadelphia alikuwa na wastani wa 23.2 kwa mechi akaongoza ligi. Kufikia 1950-51 kiwango cha kuingiza kilikuwa kimepanda mpaka karibu asilimia 36. Yaani wamekuwa walengaji BORA zaidi na huku mechi zinaanza kukwama. Kwenye ile ya 19-18 Pistons wameingiza 4 kwa 13, hiyo ni asilimia 31, haiko mbali sana na kawaida ya enzi zao. Ile ya Lakers 4 kwa 18 ndio mbovu, 22.

Nyota ya Kigamboni

Sawa nakubali kwenye ulengaji nimewaelewa. Lakini mzee hujanijibu, ule mchezo ulikuwa mzuri au mbovu? Maana kuna kumtetea mchezaji na kuna kuutetea mchezo, mimi naona unavichanganya

Mzee wa Ribaundi

Swali la haki hilo, nalijibu. Mchezo ulikuwa mbovu. Simtetei mtu kwenye hilo. Mashabiki walizomea, magazeti ya mjini yaliwasema, na rais wa ligi Maurice Podoloff aliwaita wahusika kuwaambia hiki kitu hakitakiwi kurudia. Ila hawakubadilisha sheria! Hilo ndo linanishangaza mimi mpaka leo. Walitegemea makocha waungwana waache wenyewe, na kocha ambaye kibarua chake kinategemea kushinda hawezi kuacha silaha inayofanya kazi. 6 Januari 1951, hata miezi miwili haijapita, Indianapolis Olympians na Rochester Royals wakaenda vipindi SITA vya nyongeza, 75-73 Indianapolis wakashinda, kwa sababu kila nyongeza ikianza anayeupata mpira wa kurusha juu anaushika mpaka mwisho arushe mmoja tu. Nyongeza sita na vikapu havifiki kumi na mbili wakuu.

Wakajaribu njia za pembeni. Msimu wa 1951-52 wakapanua lile eneo la chini ya ringi kutoka futi 6 mpaka futi 12, na kila mtu alijua ile sheria inamlenga Mikan asimame mbali. Yaani walianza kwa kumwadhibu mfungaji kabla ya kumgusa anayeshika mpira! Halafu timu iliyo nyuma ikawa haina namna ya kuupata mpira zaidi ya kupiga faulo, mechi ikawa filimbi kwa filimbi. Tarehe 21 Machi 1953 Boston na Syracuse kwenye mtoano wakaenda nyongeza nne, Boston 111-105, Bob Cousy wa Boston akafunga 50, na katika hizo 50 pointi 30 ni za mitupo huru, alirusha 32. Amefunga vikapu 10 tu vya kawaida. Huu nao ukiusoma vibaya utasema Cousy alibebwa na marefa, kumbe ndio ulikuwa mchezo wenyewe wakati ule, aliyekimbia na mpira alikuwa anakatwa.

Mstaafu wa Filimbi

Habari zenu vijana, mimi nilipuliza filimbi miaka mingi kwenye ligi ya mkoa, nimewafuatilia kimya kimya. Hapo kwenye saa ya sekunde 24 naomba niweke sawa maana wengi humu wanadhani ilitoka hewani.

Ile imetoka Syracuse kwa Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa na ukumbi wa mchezo wa boling. Yeye na meneja wake Leo Ferris walichukua mechi ambazo watu walizifurahia wakahesabu mitupo, wakakuta kila timu inarusha kama 60, mbili pamoja 120. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawa kwa 120, unapata 24. Ndo hiyo. Agosti 1954 wakaijaribu kwenye ukumbi wa shule pale Syracuse viongozi wa ligi wakiangalia, na msimu wa 1954-55 ikaanza, pamoja na kuweka kikomo cha faulo za timu kwa kila robo, maana bila hicho kikomo watu wangeendelea kupiga faulo tu. Mimi kama refa naona kile kikomo hakisemwi vya kutosha, saa peke yake isingetosha. Wastani wa timu ukatoka 79.5 ukaenda 93.1 kwa msimu mmoja. Wachezaji karibu wale wale.

Sasa chukueni ile hesabu ya huyu bwana ya mitupo 31 muilinganishe na 120 ya Biasone. Usiku ule wa Minneapolis ulikuwa na robo moja tu ya mchezo ambao Biasone aliuita mzuri. Ukizidisha 37 mara nne unapata 148, yaani timu mbili 74 kwa 74. Hilo ni tokeo la kawaida la miaka ile. Kwa hiyo kwa kila mtupo uliorushwa wale walifunga kama walivyofunga siku zote.

Mzee wa Ribaundi

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya kuzidisha nne sikuwa nimeifikiria na ndio imemaliza kabisa hoja ya wanaosema hawakujua kufunga. Asante sana.

Na kuna kipande kimoja wengi hawakiunganishi. Msimu huo wa kwanza wa saa, fainali ya 1955 walikutana nani? Syracuse Nationals ya Biasone na FORT WAYNE PISTONS. Ikaenda mpaka mechi ya saba, 10 Aprili 1955, Syracuse. Pistons wakaongoza kwa pointi 17. Larry Foust yule yule wa kikapu cha 19-18 bado yumo. Ingekuwa 1950 wanaushika mpira wanakwenda nyumbani na kombe, tena wao ndio mabingwa wa kushika. Lakini saa ipo, kila sekunde 24 lazima warushe, Syracuse wakarudi pole pole, mwisho George King wa Syracuse akaingiza mtupo huru ikawa 92-91 halafu akapokonya mpira. Syracuse bingwa.

Gadi wa Upanga

Dah. Yaani waliofanya saa iwekwe ndo saa ikawanyima kombe

Mstaafu wa Filimbi

Marahaba kijana. Ila nikuongezee Gadi, Pistons hawakuwa peke yao waliokuwa wanashika, ile ya Indianapolis na Rochester ni ushahidi, na Boston na Syracuse wenyewe walikuwa na zao. Tusiwabebeshe Fort Wayne dhambi ya ligi nzima. Wao wamekumbukwa kwa sababu 19-18 ni tokeo fupi linakaa kichwani.

Mo wa Eastlands

Halafu wadau, hiyo timu ilihamia Detroit 1957 ndio hawa Detroit Pistons wa leo, Lakers nao wakaenda Los Angeles 1960. Sasa mnajua gemu yenye alama nyingi zaidi kwenye historia ya NBA ni ipi? 13 Desemba 1983, Denver, nyongeza tatu, Pistons 186 Nuggets 184, jumla 370. Isiah Thomas alifunga 47, John Long 41, upande ule Kiki Vandeweghe 51 na Alex English 47. Klabu moja ina gemu ya chini kabisa na ya juu kabisa, na zote mbili imeshinda. 37 na 370, mara kumi kamili.

Nyota ya Kigamboni

Hiyo ya mara kumi nimeihesabu mara mbili, ni kweli kabisa

Haya mzee, mimi msimamo wangu sasa ni huu. Kwa Mikan nimekubali, 15 kwa 18 huku timu nzima imejipanga kukunyima mpira ni kitu kikubwa na sitakubali tena yale matokeo yatumike kumdhalilisha. Ila kwa Mendenhall bado. Kocha ana wajibu pia kwa mtu aliyekata tiketi, sheria kukuruhusu sio sababu ya kufanya, na mimi mechi ile ningekuwa jukwaani ningedai hela yangu

Binti wa Chumbageni

Hapo niko na Nyota. Mtu kaacha shughuli zake jioni kaja kuangalia mpira, mpe mpira

Mzee wa Ribaundi

Hapo nami siwapingi sana, ila nawapa upande wa Mendenhall halafu mtaamua. Timu yake ilikuwa na kikosi cha kawaida, inakwenda kwenye uwanja ambao mabingwa hawajafungwa mara 29, na ana nafasi moja tu ya kushinda. Akacheza mchezo wa kawaida anafungwa 20, gazeti la kesho linaandika mistari miwili na Zollner anamuuliza kwa nini. Akashinda. Rekodi inasema Pistons wamewapiga Lakers kwao, ule mfululizo umekatika, na kijana wa msimu wa kwanza kafunga juu ya Mikan. Mimi kosa naliweka kwa ligi iliyoona tatizo Novemba 1950 ikasubiri mpaka Oktoba 1954, misimu minne, watu wanazomea.

Mwenye namba za wachezaji wa ile mechi ya nyongeza sita ya Indianapolis na Rochester aziweke hapa chini, kesho jioni nikitoka kazini tunaanza nayo.